Wastani, Ajali na Sababu: Lugha ya Maporomoko katika Migodi ya Shinyanga na Geita

Makala haya yanachunguza namna maneno wastani, ajali na sababu yanavyotumika kueleza maporomoko ya migodi ya Shinyanga na Geita. Hoja ya msingi ni kwamba maneno hayo huficha tabia ya mifumo inayolemewa polepole na kuachia ghafla.

Mwaka 1987 Per Bak, Chao Tang na Kurt Wiesenfeld walitoa kielelezo cha lundo la mchanga linaloongezwa punje mojamoja. Likifikia ukomo wake, punje moja huweza kuangusha punje chache au upande mzima. Maporomoko madogo huwa mengi, makubwa huwa machache, wala hakuna ukubwa unaoweza kuitwa wa kawaida. Matetemeko ya ardhi nayo hufuata uwiano kama huo: kipimo kikipanda kwa 1, idadi hupungua takriban mara 10. Katika hali hiyo wastani hupotosha, kwa kuwa tukio moja huweza kuzidi jumla ya mengine mengi.

Duara la mchimbaji mdogo si lundo la mchanga. Hata hivyo, nalo hulemewa kidogo kidogo: mwamba hupunguzwa, matimba huchakaa, maji hupenya. Aprili 2015, baada ya mvua kubwa, machimbo ya Kalole wilayani Kahama yaliporomoka na watu 19 wakafariki. Oktoba mwaka huohuo yaliporomoka ya Nyangalata. Wachimbaji watano walipatikana hai baada ya siku 41. Januari 2017, mkoani Geita, wachimbaji 15 walinaswa chini ya ardhi, wakaokolewa wote.

Kiisimu, sentensi "Mvua ilisababisha maporomoko" huipa mvua utendaji wote, ilhali mvua ni punje ya mwisho tu. Neno ajali nalo limetokana na Kiarabu ajal, yaani muda uliopangwa, hususan wa mwisho wa uhai. Kivuli cha maana hiyo huelekeza fikra kwenye saa ya tukio, si kwenye miaka iliyolitangulia.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba taarifa za migodi zitofautishe kichocheo na chanzo. Methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta" tayari huelekeza kwenye chanzo, ingawa hudhani ufa unaonekana. Chini ya ardhi mara nyingi hauonekani. Mwaka uliopita bila mporomoko, basi, si ushahidi wa usalama. Huenda ulikuwa mwaka wa kulimbikiza.