Kucheza hajui, uwanja umepinda: Funzo la methali ya Kihindi kwetu Waislamu



Ndugu msomaji, mwalimu hufundisha wengi, lakini naye hufundishwa, tena mara nyingine na mtu ambaye hakumtarajia. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja fundi cherehani, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, hapa Dutwa, kwenye barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi.

Kikao kile kiliitishwa kujadili matokeo. Wanafunzi wangu 19 walifanya mtihani wa kidato cha nne katika somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, na 12 kati yao walipata F. Nikasimama kutoa maelezo. Nikasema vitabu ni vinne kwa darasa zima. Nikasema watoto wanatembea mwendo mrefu, na msimu wa pamba ukifika wanabaki shambani. Nikasema kipindi cha dini kimewekwa mwisho wa ratiba, wakati mwanafunzi hana kitu tumboni. Yote hayo yalikuwa kweli, na wazazi walitikisa vichwa kunionea huruma.

Nilipoketi, yule mzee akanyanyua mkono. Ujana wake aliutumia akishona kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Bariadi. Akasema: "Ustadhi, umesema vizuri. Lakini tajiri wangu wa zamani angekuwepo hapa angesema: Naach na jaane, aangan tedha."

Watu wakacheka bila kuelewa. Nikamuomba, "Mzee wangu, tufasirie." Akajibu taratibu: "Kucheza hajui, uwanja umepinda. Sasa wewe mwalimu mwenyewe katika sababu zako hukujitaja hata mara moja."

Usiku ule nilifungua shajara ya darasa. Katika vipindi 64 vya somo langu mwaka ule, vipindi 17 sikuingia. Vingine nilikuwa safarini Mwanza, vingine harusini, na vingine hata sikumbuki nilikuwa wapi. Hakuna mzazi aliyekuwa akijua hesabu hiyo. Aliyekuwa akiijua ni Allah (SW), na sasa nikawa naijua mimi.

Tangu siku hiyo nimeichunguza methali hii, nami naona inafaa tuisome pamoja.

Asili na maana yake

Methali hii ni ya lugha ya Kihindi na Kiurdu. Lugha hizi mbili katika mazungumzo ya kila siku ni kama lugha moja, iliyokuwa ikiitwa Kihindustani. Zinatofautiana zaidi katika maandishi, kwani Kihindi huandikwa kwa herufi za Kidevanagari na Kiurdu kwa herufi za Kiarabu na Kiajemi, na pia katika msamiati wa kitaalamu. Kwa hiyo Mhindu wa Delhi na Muislamu wa Lahore wanaitumia methali hii sawasawa, kila mmoja akiiona ni ya bibi yake.

Maneno yake ni machache. Naach ni kucheza, kwa maana ya kucheza ngoma. Na jaane ni hajui. Aangan ni ua ulioko ndani ya nyumba. Tedha ni uliopinda, usionyooka. Ili kuielewa lazima uijue nyumba ya zamani ya Kihindi: vyumba huzunguka ua ulio wazi juu, na ua huo ndio mahali pa kuanikia nafaka, pa kukaa jioni na pa kufanyia harusi. Harusini wanawake wa nyumba na majirani huimba na kucheza hapo. Sasa mmoja anaitwa katikati, miguu inamkataa, naye badala ya kusema "sijajifunza" anautazama ua na kusema haukunyooka. Kichekesho ni kwamba wenzake wote wamecheza kwenye ua huohuo muda mfupi uliopita.

Methali hii haina mtunzi. Ni mali ya midomo ya watu, nayo ina ndugu katika lugha za jirani. Wabengali wanasema hivyo hivyo, na Wagujarati pia wanayo ya kwao yenye ngoma na ua uliopinda. Hili la Wagujarati linatuhusu, kwa sababu Wahindi wengi waliofungua maduka Afrika Mashariki walitoka Gujarat na Kutch. Lugha zao na Kihindustani zilifika na bidhaa zao, ndiyo maana leo tunapanda gari, tunakata bima, tunahesabu laki na kula chapati bila kukumbuka kwamba maneno haya yalitoka huko. Maneno ya dukani tuliyachukua, ila hekima yao nyingi ilibaki nyuma ya kaunta. Yule mzee aliipata hii moja kwa sababu alikaa barazani akisikiliza.

Hata hivyo, Waswahili hatukukosa yetu. Tunasema: Mchagua jembe si mkulima. Tunasema pia: Nyani haoni kundule. Lakini angalia tofauti. Nyani huona aibu ya wenzake tu na yake haioni. Mchagua jembe anachelewa kuanza kazi. Huyu wa uani amekwisha kuanza na ameshindwa mbele ya watu, na sasa anatafuta wa kumtwisha aibu. Ndiyo maana methali ya Kihindi inatumika hasa baada ya matokeo kutoka.

Usukumani wanaielewa haraka

Sikuhitaji kuwaeleza sana wazazi wa Dutwa. Usukuma ni nchi ya mashindano ya ngoma. Makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, yameshindana tangu karne ya 19, na mshindi hupimwa kwa umati: kundi linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Aliyeshindwa hasemi kirahisi kwamba wenzake walifanya mazoezi zaidi. Husema walikuwa na dawa kali.

Hapo ndipo kicheko kinapokwisha. Kwetu huku uwanja uliopinda una jina, nalo ni uchawi. Pamba haikuzaa, nimelogwa. Ng'ombe kafa, nimelogwa. Mtoto kafeli, kuna jicho la mtu. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wazee, hasa akina mama wenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni, wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za namna hii. Mtu aliyeshindwa kukiri kwamba hakupalilia kwa wakati, au kwamba mtoto hakupelekwa zahanati mapema, anakwenda kwa mganga kuuliza nani kaupinda uwanja wake, na mganga anamtajia bibi wa jirani. Kwa hiyo tusidhani tabia hii ni udhaifu mdogo wa kuchekesha. Ikikomaa, inaua.

Iblis na Adam (AS)

Kwa sisi Waislamu, kisa cha kwanza cha tabia hii hakikutokea uani kwa Wahindi. Tukisoma Surat Al-A'raf tunakuta wawili waliokosea. Iblis alikataa kusujudu, na alipoulizwa hakusema nimekosea. Katika aya ya 16 anadai kuwa Allah ndiye aliyempoteza, na kwa sababu hiyo atawavizia wanaadamu. Adam na Hawwa (AS) nao walikula katika mti waliokatazwa. Walikuwa na wa kumlaumu, tena kwa haki, kwani Shetani aliwadanganya kwa kiapo. Lakini katika aya ya 23 hawakumtaja kabisa. Walisema wamezidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha. Mmoja alilaumu uwanja akafukuzwa. Wawili walikiri wakasamehewa.

Tukifika Surat Ibrahim, aya ya 22, tunamkuta Shetani Siku ya Kiyama akiwaambia wafuasi wake wasimlaumu yeye bali wajilaumu wenyewe, kwa kuwa yeye aliwaita tu nao wakamwitikia. Siku hiyo hata yule tuliyemfanya uwanja wetu uliopinda atatukana.

Na katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Waislamu 70 waliuawa baada ya wengi wa wapiga mishale kuacha mlima waliowekwa na Mtume (SAW). Masahaba walipojiuliza msiba ule umetoka wapi, jibu la Surat Al-Imran, aya ya 165, ni kwamba umetoka kwao wenyewe. Maquraish walikuwapo, na silaha zao zilikuwapo. Hata hivyo, funzo walilopewa waumini lilianzia kwenye nafsi zao.

Je, uwanja ukiwa umepinda kweli?

Hapa kuna swali ambalo msomaji makini lazima aulize. Je, methali hii haiwezi kuwa fimbo ya kuwanyamazishia wanyonge? Kila anayedhulumiwa akisema, ataambiwa hujui kucheza?

Naam, inaweza kutumika vibaya hivyo. Uislamu haukubali hilo. Surat An-Nisaa, aya ya 148, inampa aliyedhulumiwa ruhusa ya kupaza sauti. Lakini angalia ni nani aliyefanikiwa kuunyoosha uwanja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mizani ilikuwa imepinda kweli. Hawakuishia kulalamika. Waliweka watu wao waliojifunza kupima, wakasimama kituoni na kupima upya. Kisha wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika na kumiliki viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Walijifunza ngoma, ndipo wakaweza kusema uwanja umepinda na wakasikilizwa.

Mfano wa pili ni wa kwetu zaidi. Mwaka 2012 Waislamu walipinga matokeo ya somo la dini ya Kiislamu ya kidato cha sita. Wakadai hesabu zipitiwe upya. Zilipopitiwa, Baraza la Mitihani lilikiri kuwapo kwa kasoro katika ukokotoaji, na matokeo yakarekebishwa. Malalamiko yale yalisimama kwa sababu vijana walikuwa wamejibu mtihani na alama zao zilikuwapo kwenye karatasi. Laiti wangekuwa hawakusoma, kupitia upya kusingewasaidia kitu.

Basi kipimo ni hiki. Mwenye kujua kucheza akisema uwanja umepinda, anaonyesha wapi pamepinda na anashika jembe kuusawazisha. Asiyejua anasema umepinda, kisha anakwenda kukaa.

Tujiulize

Ndugu yangu uliyeko Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, usiseme haya ni ya Dutwa. Ni mara ngapi kamati ya msikiti inasema Waislamu hawachangii, na haijawahi kubandika ukutani hesabu ya mapato na matumizi? Ni mara ngapi mzazi analalamika kuwa shule za wenzetu zinafaulisha kuliko zetu, na hajafungua daftari la mwanawe tangu Ramadhani iliyopita? Ni mara ngapi sisi walimu tunasema watoto wa siku hizi ni wazito, na andalio la somo ni lile lile la miaka sita iliyopita?

Mimi nimejiwekea mambo matatu. Kwanza, kila jambo likiharibika naandika kwanza sehemu yangu, kabla ya sehemu ya mtu mwingine yeyote. Pili, malalamiko ninayobaki nayo nayapeleka kwa anayehusika, yakiwa na tarehe na hesabu. Tatu, sitoi udhuru mbele ya wanafunzi, kwani wanajifunza kutoa udhuru haraka kuliko wanavyojifunza hadithi.

Katika kikao kilichofuata niliwasomea wazazi ile hesabu ya vipindi 17. Haikuwa rahisi, na baadhi yao walikasirika, kwa haki. Mwaka uliofuata nilikosa vipindi viwili, na vyote nikavifidia Jumamosi. Kuhusu vitabu, niliandika barua, na safari hii niliambatanisha idadi ya wanafunzi na idadi ya nakala. Tumepata vitano, vikawa tisa. Bado havitoshi. Kipindi bado kiko mwisho wa ratiba, na waliopata F safari hii ni watano kati ya 21. Watano hao ni wengi, nami nawajua kwa majina.

Yule mzee hukaa karibu na mlango wa msikiti. Baada ya swala hunishika mkono na kuuliza: "Ustadhi, uwanja unaendeleaje?" Namjibu: "Umepinda kidogo, mzee wangu, lakini tunacheza."

Wallahu a'alam.