SOMO LA ROBO MWAKA: Kila Ukurasa na Safu Yake ya Pembeni

Wapendwa wanakamati wa sharika na wafadhili wetu,

Somo la safari hii linahusu jambo la tovuti ambalo ni dogo, lakini liliwahi kutuaibisha. Tuliweka tangazo la kuomba michango ya kisima kwenye safu ya pembeni ya tovuti yetu, na safu hiyo ilionekana katika kila ukurasa. Kisima kilikamilika, tangazo likabaki. Mfadhili mmoja, akisoma habari za hosteli ya wasichana, aliliona tangazo lile na kutuma mchango kwa ajili ya kisima. Ilitubidi tumwandikie kueleza kwamba kazi ilishakwisha, na kuomba ridhaa yake ili fedha ziende kwenye hosteli. Alikubali, ila aliuliza kama vitabu vyetu vya hesabu navyo tunavitunza namna hiyo. Swali hilo ndilo lililotufanya tujifunze haya.

Safu ya pembeni ni nini?
Ni ile sehemu nyembamba kando ya habari kuu, ambamo huwekwa matangazo, viungo na anwani. Wengi wanaotumia programu ya WordPress huacha safu moja kwa kurasa zote. Lakini mzee wa kanisa anayetafuta fomu ya maombi ya mradi hana haja sawa na mfadhili anayesoma taarifa ya fedha. Ni vema kila mmoja akute pembeni kile kinachomsaidia hapo alipo.

Hatua za kufuata
1. Amueni kwanza kwenye karatasi. Andikeni kila ukurasa, msomaji wake, na vitu vitatu anavyovihitaji. Sisi tulibaki na safu mbili tu: safu kuu na safu ya wafadhili.

2. Tengenezeni mandhari-tanzu, yaani mandhari ndogo inayorithi mwonekano wa ile kuu. Mkibadilisha mandhari kuu yenyewe, kazi yenu itafutika siku itakaposasishwa.

3. Sajilini safu. Katika faili la functions.php, fundi atumie amri ya register_sidebar kwa kila safu, akiipa jina na kitambulisho chake, kwa mfano safu-kuu na safu-wafadhili.

4. Wekeni sharti. Katika faili la sidebar.php, ndani ya alama za PHP, pale safu inapoitwa, iandikwe hivi:

if ( is_page( array( 'wafadhili', 'taarifa-za-fedha' ) ) ) {
    dynamic_sidebar( 'safu-wafadhili' );
} else {
    dynamic_sidebar( 'safu-kuu' );
}

Maana yake: ukurasa ukiwa mmoja wa hiyo miwili, onyesha safu ya wafadhili, la sivyo, onyesha safu kuu.

5. Jazeni safu. Nendeni sehemu ya wijeti katika ukurasa wa utawala. Safu zote mbili zitaonekana hapo, na karani anaweza kuzijaza bila kugusa faili lolote.

Mambo ya kuangalia
Sharti la is_page halifuati kurasa ndogo zilizo chini ya ukurasa uliotajwa. Ukitaja "miradi" peke yake, ukurasa wa maji ulio chini yake utaendelea kuonyesha safu kuu. Hivyo basi, utajeni nao kwenye orodha.

Aidha, kwenye simu safu ya pembeni mara nyingi hushuka chini ya habari yote. Jambo la lazima, kama namna ya kutuma mchango, liwekwe pia ndani ya habari yenyewe.

Wenye mandhari za vitalu, zilizokuja na WordPress 5.9 mwaka 2022, hawatumii sehemu ya wijeti kwa kazi hii. Wao hutengeneza kiolezo cha ukurasa katika kihariri cha tovuti, na kuweka safu wanayoitaka humo. Mpango wa karatasi ni uleule.

Mwisho, safu mbili hazizuii tangazo lililopitwa na wakati. Kwetu, kila tangazo sasa lina tarehe ya kuondolewa na mtu mmoja mwenye wajibu wa kuliondoa, na katibu husoma orodha hiyo katika kila kikao cha kamati ya miradi.

Maswali ya kujadili katika kamati
1. Ni nani wanaosoma tovuti yetu, na kila mmoja anatafuta nini?
2. Je, kuna tangazo pembeni ambalo kazi yake imekwisha?
3. Nani ataliondoa, na kabla ya tarehe gani?

Wafadhili wapendwa, mkiona pembeni jambo lisilolingana na ukurasa mnaousoma, tafadhali tuandikieni kabla ya kutuma mchango. Mtakuwa mmetusaidia.

Mratibu wa Miradi