Kwa Nini Dereva Huuacha Usukani

Watoto waonapo lori kubwa likipita, humtamani dereva wake. Hudhani kwamba kazi yake ni kukaa tu na kuitazama nchi. Lakini madereva wengi huiacha kazi hiyo kabla ya uzee kuwafikia.

Fikirini habari za dereva achukuaye mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Tunduma, mpakani mwa Zambia. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 900. Hupita Mikumi, ambako wanyama huvuka barabara; kisha huupanda mlima Kitonga wenye kona kali. Afikapo mpakani, huenda akangoja tena katika msururu mrefu wa malori.

Sababu ya kwanza ya kuacha kazi ni nyumba yake. Mtoto huzaliwa, mgonjwa huuguzwa, maiti huzikwa, naye yuko njiani. Sababu ya pili ni mshahara usiolingana na taabu.

Sababu ya tatu ni afya. Akaaye kitini kutwa, akitikiswa na gari, huumia mgongo. Kwa kuwa hatembei, na hula ovyo njiani, ni rahisi kupatwa na kisukari au shinikizo la damu. Na shinikizo la damu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Tena, mtoto wa jicho huzitawanya taa za gari lijalo usiku, hata dereva asimwone mtu aendaye kwa miguu. Na usingizi nao ni adui: lori liendalo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 60 katika sekunde 3 za kusinzia.

Wako wafichao ugonjwa wao, maana chakula cha watoto hutoka katika usukani ule. Lakini wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Apimwaye mapema huweza kutibiwa akarudi kazini: mtoto wa jicho hupasuliwa, na shinikizo la damu hutulizwa kwa dawa. Naye asiyeweza kurudi, akimkabidhi tajiri wake funguo, asione haya. Ameokoa watu wengi asiowajua hata kwa majina.

MASWALI
1. Taja sababu tatu zimfanyazo dereva aache kazi.
2. Kwa nini shinikizo la damu lapasa kupimwa hata kama mtu hajisikii mgonjwa?
3. Lori hilo hupita mita ngapi katika sekunde 9?