Bandama Ikipasuka

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari ya mtu aliyeanguka mnazini, akainuka akaenda zake, na baada ya siku chache akafa ghafula. Watu husema amelogwa. Leo tumeona vema kueleza sababu moja ya mauti ya namna hiyo.

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, imo upande wa kushoto, nyuma ya mbavu za 9 hadi 11. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama ngumi kwa ukubwa, na uzito wake ni gramu 150 hadi 200 hivi. Kazi yake ni kuchuja damu na kuusaidia mwili kupigana na vijidudu. Imejaa damu, na utando unaoifunika ni mwembamba. Tena malaria ya mara kwa mara huikuza hata ikashuka chini ya mbavu, isikingwe tena na mifupa. Hapo hata teke la ng'ombe au mkono wa baiskeli waweza kuipasua.

Dalili zake ni hizi: maumivu ya tumbo upande wa kushoto, uso kupauka, jasho la baridi, kiu, mapigo ya moyo kwenda mbio, na kuzimia. Pengine bega la kushoto huuma ingawa halikuumia, maana damu iliyomwagika huchokoza kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu ya kiwambo na ya bega ina shina moja.

Lakini pengine utando haupasuki siku ile. Damu hukusanyika chini yake kidogo kidogo, na baada ya siku au majuma utando hushindwa, damu ikamwagika tumboni. Kwa hiyo aliyepigwa ubavuni asichuliwe tumbo wala asirudi kubeba mizigo kabla ya kupimwa. Akiona dalili tulizotaja, apelekwe hospitali hima, amelazwa, bila kupewa chakula wala kinywaji, kwani huenda akapasuliwa.

Zamani bandama iliyopasuka ilitolewa bila kusita. Mwaka 1952 madaktari King na Shumacker wa Marekani walieleza habari za watoto wachanga 5 waliotolewa bandama, kisha wakashikwa na maradhi makali. Tangu hapo ilizidi kufahamika kwamba asiye na bandama huweza kuuawa upesi na vijidudu, hasa vile viletavyo kichomi, na hatari hiyo haimwishi maisha yake yote. Ndiyo sababu siku hizi madaktari hujitahidi kuiponya bila kuitoa, iwapo damu imetulia.

Basi aliyetolewa bandama na achanjwe kama daktari atakavyomwagiza, alale ndani ya chandarua, na kila mganga amtibuye aambiwe habari hiyo. Akipata homa, asingoje kesho. Aende hospitali siku ile ile.