Kusema "Sikubali": Mashujaa wa Katuni, Wachawi wa Firauni na Vijana wa Namugongo



Ndugu msomaji, tuanze na picha ambayo huenda umeiona kwenye simu yako bila kujua habari zake. Mtu aliyevaa rangi za bendera ya Marekani anampiga Hitler ngumi ya taya. Ni jalada la toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Captain America. Limeandikwa Machi 1941, ingawa madukani lilifika mapema zaidi, Desemba 1940. Zitazame tarehe hizo vizuri. Marekani haikuingia vitani mpaka Desemba 1941. Wakati ngumi ile inachorwa, raia wengi wa nchi hiyo walikuwa wakisema vita vya Ulaya haviwahusu, na wengine walikuwa wakimshabikia Hitler hadharani. Waliokitunga kitabu, Joe Simon na Jack Kirby, walikuwa Mayahudi wa umri wa miaka ishirini na kitu, rika letu sisi. Kitabu kilipotoka walianza kupokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa.

Nimeanza hapo kwa sababu moja. Shujaa aliyemo ndani ya karatasi hakuhatarisha kitu chochote. Ana ngao, ana nguvu, na mchoraji amekwisha amua kwamba atashinda. Waliohatarisha ni wale wawili waliokaa mezani na kalamu, wasio na ngao. Ushujaa wa kitabu kile ulikuwa nje ya kitabu.

Najua wapo watakaoniuliza hukumu ya picha zenyewe. Hilo lina mlango wake, mwulizeni ustadhi. Mimi nazungumzia vitu ambavyo tayari vimo chini ya mito ya hosteli na ndani ya simu zetu, na nimevisoma tangu sekondari. Vya mitumba ninavyo vitatu hapa chumbani Mbuya, viwili havina majalada.

Anayevipenda vitabu hivi anajua kwamba kinachokumbukwa si mapigano. Kinachokumbukwa ni ile fremu moja ambapo mtu anaambiwa piga magoti, naye hapigi. Wasomaji wa Spider-Man mpaka leo wanazungumzia toleo la 33, la mwaka 1966, lililochorwa na Steve Ditko. Peter amefukiwa na mtambo mzito wa chuma, maji yanavuja yanapanda, na dawa ya kumwokoa shangazi yake iko sakafuni mbele yake, mkono haufiki. Kurasa kadhaa nzima hakuna adui wa kupigana naye. Ni kijana mmoja anayekataa kufa kwa sababu mama mzee hospitalini anamtegemea. Kwa maoni yangu hiyo inashinda ngumi zote za Captain America, na sababu yake nitaifikia.

Kuna nyingine ya mwaka 2011, katika toleo la 900 la Action Comics. Superman anakwenda Tehran, anasimama katika uwanja wa Azadi pamoja na waandamanaji, saa 24, hasemi neno wala hapigi mtu. Serikali ya Marekani inakasirika, naye anasema ataukana uraia wake ili asihesabiwe tena kuwa chombo cha siasa za nchi hiyo. Wazo ni zuri, lakini mimi lilinikwama kooni. Superman hadhuriki kwa risasi. Anaposimama mbele ya askari, anachotoa ni muda wake tu. Wanaotoa shingo ni wale watu wasio na majina nyuma yake, ambao kesho yake yeye atakuwa ameruka zake na wao watabaki na askari hao hao.

Sasa tuingie kwenye Qur'ani. Swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: kukataa kwenyewe kuna thamani gani?

Nauliza kwa sababu wa kwanza kukataa amri katika Qur'ani si Nabii Ibrahim wala Nabii Musa. Ni Iblisi. Suratul Baqara aya ya 34 inatumia juu yake maneno mawili yaliyoambatana: alikataa, na akajivuna. Na alipoulizwa sababu, katika Suratul A'raf aya ya 12, hoja yake ilikuwa yeye mwenyewe: ni bora kuliko Adam, kwa kuwa yeye ni wa moto na mwenziwe ni wa udongo. Ukimchora Iblisi katika fremu ya katuni, peke yake amesimama huku malaika wote wamesujudu, atapendeza sana. Atafanana na shujaa. Msomaji asiyeijua habari atampigia makofi.

Linganisha na wachawi wa Firauni. Asubuhi ya siku ile walikuwa watumishi. Walipofika, jambo la kwanza waliloliuliza lilikuwa malipo, nalo Firauni akawaahidi, tena na cheo cha kuwa karibu naye. Kisha fimbo ya Musa ikameza walichokitengeneza. Wao ndio waliokuwa mafundi wa kiini macho, na kwa hiyo wao ndio walioweza kujua kwamba hiki si kiini macho. Wakaanguka kusujudu. Firauni akawatishia kuwakata mikono na miguu kwa kupishana na kuwatundika kwenye mashina ya mitende. Jibu lao liko katika Suratu Taha, aya ya 72 na 73. Lisome polepole. Maana yake ni kwamba hawatamtanguliza yeye mbele ya hoja zilizo wazi walizoletewa, na afanye atakalo, kwa sababu hukumu yake inaishia katika dunia hii.

Hakuna "mimi" ya kujikweza katika jibu hilo. Hawasemi wao ni bora kuliko nani. Hawana hata nguvu waliyokuwa nayo asubuhi, maana uchawi wao umekwisha mezwa. Iblisi alikataa kwa ajili ya nafsi yake, hawa walikataa kwa sababu ya kitu walichokijua. Peter wa Ditko, chini ya chuma kile, yuko karibu zaidi na hawa, kwani anachokiangalia ni dawa na mgonjwa.

Vitabu vya katuni vyenyewe, kwa kusema kweli, mara nyingine vinalijua hilo. Katika Civil War ya mwaka 2006 na 2007, serikali inawataka mashujaa wote wajiandikishe, na Captain America anakataa. Msomaji yuko upande wake. Lakini mwishoni, akiwa anakaribia kushinda, watu wa kawaida wanamkamata wamzuie, naye anatazama mji ulivyobomoka kwa sababu ya vita vyao. Anaweka silaha chini na kujisalimisha. Wengi walichukia mwisho huo. Mimi naona ndipo mwandishi alipouliza swali lenye maana, kama kukataa kulikoanza kwa haki kumegeuka kuwa ugomvi wa wakubwa unaolipiwa na wadogo.

Tusiende mbali zaidi, turudi Buganda. Mnamo mwaka 1844 mfanyabiashara kutoka pwani, Ahmed bin Ibrahim, alikuwa katika baraza la Kabaka Suuna II. Kabaka akaamuru watu wauawe, kama ilivyokuwa kawaida. Wakuu wote wakanyamaza. Ahmed akasimama, akamwambia kwamba watu hawa ameumba Mwenyezi Mungu, ambaye pia ndiye aliyempa yeye ufalme, na kuwaua hivi ni kosa. Fikiria hali yake. Ni mgeni, ana bidhaa, biashara yake yote inategemea furaha ya mtu anayemkosoa, na wauaji wako tayari wamesimama pale. Kabaka alistaajabu, akataka kujua huyo Mungu ni nani, na mazungumzo hayo ndiyo ambayo Waislamu wa Uganda tunayahesabu kuwa mwanzo wa dini yetu hapa. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu, wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Uislamu wetu sisi ulianzia kwenye neno la namna hiyo. Na angalia adabu yake: hakumtukana Kabaka. Musa na Harun nao, katika Suratu Taha aya ya 44, waliagizwa waseme na Firauni kwa upole.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye, habari ikawa na uchungu. Muteesa I, mtoto wa Suuna, aliupenda Uislamu. Alifunga Ramadhani miaka kadhaa na akawaamuru watu wa baraza wasali. Lakini hakutahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka kumwagika. Wakaja walimu kutoka upande wa Misri na Sudan, wakawafundisha vijana wa ikulu kwamba asiyetahiriwa hafai kuwa imamu wao, na nyama aliyoichinja isiliwe. Vijana wakakataa kusali nyuma ya Kabaka na wakakataa nyama yake. Mwaka 1876 waliuawa Namugongo, wapatao 70. Hiyo ni miaka kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo wa Juni 1886, ambao kwa ajili yao barabara hufurika kila tarehe 3 Juni.

Hapa mwanafunzi wa fiqhi anaweza kunisimamisha. Wanachuoni wengi wanajuzisha nyama iliyochinjwa na Mwislamu asiyetahiriwa. Je, vijana hawa walikufa kwa jambo lenye hitilafu? Nimelifikiri muda mrefu. Kwanza, mtu huhukumiwa kwa elimu iliyomfikia, na hiyo ndiyo iliyowafikia. Pili, sidhani kwamba nyama ndiyo iliyokuwa kiini. Kabaka alikuwa na mamlaka juu ya ardhi yao, wake zao na shingo zao. Sasa alitaka kiti chake cha enzi kimfanye imamu pia, awe ndiye anayeamua ibada ni ipi na ni sahihi kwa nani. Hapo vijana walisema mamlaka yako yameishia hapa. Walikuwa watumishi wa nyumbani mwake, wakila kwake, wakilala kwake. Hakuna aliyewachora wakati huo, na majina ya wengi wao hatunayo.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. Katika vitabu vya katuni, anayevunjika chini ya mateso ama ni mwoga ama ni msaliti. Hakuna nafasi ya tatu. Katika dini yetu nafasi hiyo ipo, na ina jina: Ammar bin Yasir (R.A.). Wazazi wake, Sumayya na Yasir, walifia mikononi mwa washirikina wa Makka. Yeye aliteswa mpaka akatamka walichotaka atamke. Akaja kwa Mtume (S.A.W.) akilia. Mtume akamwuliza anauonaje moyo wake, akajibu umetulia katika imani. Akamfuta machozi na kumwambia wakirudia, naye arudie. Wafasiri wengi wanasema aya ya 106 ya Suratun Nahl iliteremka juu yake. Bilal (R.A.) alivumilia jiwe kifuani akabaki na neno lake moja, Ammar alishindwa, na wote wawili ni masahaba watukufu. Hatusomi popote kwamba Bilal alimcheka Ammar.

Nasema haya kwa sababu ya mambo ya muhula huu. Mtihani mmoja umewekwa saa ya Ijumaa, katika chuo ambacho sitakitaja. Kaka mmoja alisimama darasani akamfokea mhadhiri, mwenzake akarekodi, na video ikazunguka katika makundi yetu yote kwa sifa. Dada mmoja wa darasa lile lile ameandika barua, akaipeleka ofisini mara nne, na mpaka ninapoandika hajajibiwa. Wa tatu aliingia akafanya mtihani, kwa kuwa ada yake inalipwa na mfadhili anayemfutia msaada akikosa karatasi moja, na sasa hatokei kwenye halaka kwa aibu ya maneno aliyoambiwa. Kuhusu wa kwanza sijui nia yake, nayo ni baina yake na Mola wake. Wa pili namwona katika njia ya Ahmed bin Ibrahim. Kuhusu wa tatu, sitoi fatwa kama udhuru wake unatosha. Hilo ni la wanachuoni, na kutishiwa ada si kutishiwa roho. Ila waliomwita msaliti wamechukua hukumu yao kwenye vitabu vya katuni, na ninawaomba wamwendee chumbani kwake kabla ya Ijumaa nyingine.

Jumapili ijayo baada ya Laasiri, hapa Mbuya, tutasoma Suratu Ghafir kuanzia aya ya 28, habari za yule mtu wa jamaa ya Firauni aliyeificha imani yake mpaka siku aliyoona lazima aseme. Na wanaotaka kwenda Namugongo kuwaombea dua vijana wale, tutatoka Jumamosi saa tatu asubuhi. Tutashuka hadi Barabara ya Jinja, tupite Banda na Kireka, kisha Kyaliwajjala. Nauli kila mtu ajitegemee, na asiye nayo aniambie mapema.