Kukamata Mwanga Usioonekana



Jioni ya tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua pwani yetu ya Cabo Delgado, kati ya Pemba na Mocímboa da Praia. Usiku wa kuamkia siku hiyo kilikuwa kimepita kando ya Ngazija. Giza lile halikukificha. Setilaiti ya Meteosat-8, juu ya Bahari ya Hindi, ilipiga picha kila dakika 15 kwa infraredi, yaani mwanga usioonekana ambao kila chenye joto hutoa. Kilele cha wingu la kimbunga ni baridi mno, bahari ina joto, na tofauti hiyo ndiyo picha.

Ibn al-Haytham alieleza zamani kwamba jicho hupokea mwanga, halitoi. (Sisi wa masomo ya dini tusimwachie mtu huyu kwa wanafizikia peke yao.) Kigunduzi cha infraredi nacho ni mpokeaji, ila kina adui wa ndani: joto lake lenyewe huzalisha umeme hata pasipo mwanga. Ni kama kusikiliza mnong'ono kando ya jenereta. Kwa hiyo vigunduzi vya Meteosat hupozwa hadi karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Huko juu baridi haina bei. Huku chini mtambo wa kupoza ni mzito, ghali, na unakula umeme.

Sasa, kelele hiyo huongezeka kadiri tabaka linalofyonza mwanga linavyokuwa nene. Ukilipunguza, kelele hupungua, lakini mwanga nao hupenya na kutoroka. Hapo ndipo watafiti huweka juu yake safu ya vipande vya dhahabu, au mistari iliyochongwa, vyenye upana usiofikia wimbi lenyewe la mikromita 10. Vipande hivyo hufanya kazi ya antena: huukusanya mwanga na kuugeuza usafiri kwa ubavu ndani ya tabaka. Tabaka jembamba basi hukamata kilichohitaji tabaka nene, na haja ya baridi kali hupungua. Kasoro zipo. Antena ya namna hii hupendelea urefu mmoja wa wimbi, na dhahabu hula sehemu ya mwanga.

Mwili wa binadamu hung'aa zaidi karibu na mikromita hizohizo 10. Kamera za bei nafuu zisizopozwa zipo, lakini hujibu polepole na uhodari wake una mpaka. Boti inayomtafuta mvuvi usiku nje ya Palma inahitaji kamera hodari isiyobeba mtambo wa barafu.