Kupanga Mahali pa Lifti ya Nguzo Mbili kwenye Gereji ya Nyumbani, Babati

Mjini Babati ndipo barabara ya Singida inapoachana na ile ya Arusha kwenda Dodoma, kwa hiyo magari yanayoingia gereji za hapa ni mchanganyiko: IST, Noah, na Land Cruiser za shambani na mbugani. Mwongozo huu ni wa mtu anayefunga lifti ya tani 4 nyumbani kwake, na unajibu swali moja: nguzo zisimame wapi. Ukiacha tundu dogo la kupimia la hatua ya 3, usitoboe zege kabla ya hatua ya 8. Tundu likishatobolewa halihamishiki.

Istilahi tatu zitatumika. Mstari wa kati unatoka katikati ya mlango hadi ukuta wa mbele, na gari hukaa juu yake. Mstari wa nguzo unaukata mstari wa kati kwa pembe mraba, na nguzo zote mbili husimama juu yake. Kijitabu ni maelekezo ya mtengenezaji; kikipingana na namba za hapa, kifuate chenyewe.

Andaa futi ya mita 7.5, uzi wa fundi, chaki, timazi, pima maji, drili ya nyundo na spana ya torki.

1. Pima gari kubwa kuliko yote utakayoinua: urefu, upana pamoja na vioo, kimo pamoja na keria. Land Cruiser ya pickup hukaribia mita 5.2, IST haifiki mita 4. Panga kwa hilo kubwa.

2. Pima kimo cha chumba kutoka jamvi hadi kitu kilicho chini kuliko vyote, iwe boriti, kenchi au taa. Jumlisha kimo cha gari, mita 1.8 za kuinua na sentimita 10 za akiba. Gari la mita 1.9 linadai mita 3.8, na kuta za nyumba nyingi za kuishi hazifiki huko. Ukipungukiwa, ondoa dari au weka kikomo cha kuinua. Kuna wanaochimba sakafu ishuke. Siwashauri, maana masika shimo hilo litakuwa kisima. Hakikisha pia nguzo zenyewe zinaingia chumbani.

3. Kagua jamvi. Toboa tundu la milimita 10 karibu na pale nguzo zinapotarajiwa, ingiza waya uliopindwa ncha, upime unene. Kiwango cha chini ni sentimita 15 za zege C25. Jamvi la nyumba mara nyingi ni sentimita 10 juu ya mawe, na hilo halitoshi hata likiwa na vigae vya kung'aa. Lisipotosha, likate na umwage kitako kimoja cha mita 4.2 kwa 1.2, unene sentimita 30, chenye nondo za milimita 12 kila sentimita 20, pande zote mbili. Ukikuta udongo mweusi, uondoe wote ujaze kifusi na kushindilia, kwa sababu hufura wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Kwenye viwanja vya upande wa Ziwa Babati, ambalo lilifurika mwaka 1990, angalia kama maji yanajikusanya ndani ya shimo kabla ya kumwaga. Mwagilia zege siku 7. Subiri siku 28.

4. Piga mstari wa kati kwa uzi na chaki. Thibitisha kila upande una angalau mita 2.3: nusu ya upana wa lifti ya mita 3.4, na sentimita 60 za kupita mtu.

5. Tafuta mstari wa nguzo kwa kutumia gari lenyewe. Liingize juu ya mstari wa kati, bampa likiwa mita 1 kutoka ukuta wa mbele. Pima umbali kati ya vitovu vya tairi la mbele na la nyuma, uzidishe kwa 0.45, kisha upime matokeo hayo kuelekea nyuma kutoka kitovu cha tairi la mbele. Hapo ndipo uzito wa gari tupu lenye injini mbele hulala, kwa makadirio. Noah ya mwaka 2001 ina mita 2.825, jibu ni mita 1.27. Weka alama. Rudia kwa kila gari, kisha chagua alama inayoacha mlango wa gereji ukifungika nyuma ya gari refu.

6. Hakiki pembe. Kutoka makutano, pima mita 2.4 kwenye mstari wa kati na mita 1.8 kwenye mstari wa nguzo. Umbali kati ya ncha hizo uwe mita 3.0 kamili. Ukizidi au kupungua zaidi ya milimita 3, futa uchore upya.

7. Chora vitako vya nguzo kwa chaki, usimamishe maboksi juu yake. Fungua mlango wa dereva. Usipofunguka sentimita 45, sogeza gari mbele au nyuma kidogo, au badili uchukue lifti yenye nguzo zilizogeuzwa pembe. Kitako kikikaribia ufa au ukingo wa zege kwa chini ya sentimita 20, rudi hatua ya 5. Nguzo yenye mota iwe upande wa swichi kuu, ili waya usikatize njia ya gari.

8. Toboa kupitia matundu ya kitako cha nguzo yenye mota, puliza vumbi, ingiza anka bolti. Nyoosha nguzo kwa timazi pande mbili, ukitia vibati vya chuma chini yake. Kaza kwa torki ya kijitabu. Ndipo uende nguzo ya pili.

9. Jaribu. Inua gari sentimita 10, litikise, kisha lipandishe hadi loki zote mbili zishike. Lishushe, ukaze upya anka bolti zote. Bolti inayozunguka bila kukaza imekamata zege bovu: usitoboe tundu jirani, rudi hatua ya 3.